Mji Niliomsimulia Dada

Jumapili, 19 Novemba 2006

Binti yangu Elaine alinipa kitabu hiki siku yangu ya kuzaliwa, akasema niandike, eti kitanisaidia. Kunisaidia na nini, hakusema. Alikuwa na haraka, gari kaliacha linanguruma kule chini. Kitabu kimekaa juu ya friji tangu Septemba. Leo nakifungua kwa sababu Mumtaz wa jirani hayupo, na nikiendelea kukaa kimya hivi nitaanza kuongea na masufuria.

Dada yangu Asumpta amepata kiharusi. Anaishi Oswego, mji mdogo wa Marekani, ng'ambo ya ziwa hili hili la kwetu Toronto. Mumewe, mwalimu Mmarekani aliyemkuta Musoma tukiwa wasichana, ndiye aliyempeleka huko. Mume alishafariki, kabaki na mwanawe Lester. Lester ndiye aliyenipigia. Mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, lakini salamu hana. Anaingia kwenye maneno moja kwa moja, kama aliyekuja kusoma mita ya umeme. Akasema mama katoka hospitali, anatembea, anakula, ila Kiingereza kimemtoka chote. Anaongea kitu ambacho nyumba nzima hakuna anayekielewa. "Sikiliza," akasema, akampa simu.

Nikamsikia dada, sauti safi kabisa, ile ile ya kunigombeza: "We Dulcie, hawa watu ni akina nani? Na mimi niko wapi?"

Kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu Kiingereza kilikuwa cha baba, karani wa meli za ziwani, na mezani kilikuwa lazima. Kikonkani, lugha ya mababu zetu wa ng'ambo ya bahari, kilikuwa cha mama, jikoni. Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili na yaya wetu Nyangeta, na ndicho kilichobaki. Nimelia mpaka pua imeziba.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimekubaliana na Lester. Nitapiga kila jioni, baada ya chai, kabla ya rozari.

Alhamisi, 23 Novemba

"Niko wapi, Dulcie?"

"Uko Oswego, dada."

"Oswego ndiyo wapi?"

Nikakwama. Haki ya Mungu nilikwama, nimeshika simu kama mjinga. Sijawahi kufika. Kila kiangazi yeye ndiye aliyekuja huku, na mikoba yake na jibini zake. Mimi bado natembelea pasipoti ya Tanzania. Niliomba viza ya Marekani mara moja, wakaninyima, nikasusa. Nikasema kama hawanitaki, basi, na mimi siwataki. Sasa natakiwa kumwelekeza mtu ndani ya mji ambao sijaukanyaga, na mtu mwenyewe ndiye mwenyeji.

Nimemwambia, "Kesho nitakueleza vizuri." Akasema, "Usinidanganye."

Jumamosi, 25 Novemba

Nimekwenda maktaba na Mumtaz. Mumtaz ni Mwismaili wa Bukoba, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, na hakuna jambo analolifanya bila kulisemea. Tulivuka lile daraja la waenda kwa miguu huku kwetu Crescent Town, upepo unatupiga, yeye anasema tu. "Wenzako wanaazima vitabu vya Paris, vya Roma. Wewe Oswego! Huko kuna nini, hata bata hawaendi."

Yule dada wa maktaba alihangaika sana, Mungu ambariki. Akapata kitabu kimoja cha bandari za ziwani, na kurasa kadhaa akanichapia kwenye kompyuta, nyeusi na nyeupe. Nimezisoma jioni nzima na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Jina ni la wenyeji wa kwanza, maana yake mahali maji yanapomwagika. Mto unatoka kusini, unaupasua mji katikati, unamwagika ziwani. Upande wa mashariki kuna ngome juu ya ukingo. Upande wa magharibi kuna mabomba mawili marefu ya moshi ya kituo cha umeme, na huko ndiko Lester anakofanya kazi. Mbele ya bandari kuna mnara wa taa, umesimama majini peke yake.

Nilikuwa sijui hata moja. Miaka yote hiyo dada anakuja, namwuliza bei ya jibini.

Jumapili, 26 Novemba

Leo nilikuwa tayari.

"Uko Oswego, dada. Ni mji wa ziwani. Kuna mto katikati, unamwagika ziwani hapo hapo mjini."

"Kama Mara?"

"Kama Mara, ila huu wameujengea madaraja. Angalia dirishani. Unaona mnara mdogo mweupe majini?"

Nikamsikia anavuta kiti. "Naona. Nani kauweka pale?"

"Serikali. Ni wa kuongozea meli. Kinyumba cheupe, paa la kijani." Hilo la kijani nililitunga, picha yangu haina rangi. Lakini mtu akikuuliza kila kitu, huwezi kumwachia paa bila rangi.

"Kijani," akasema, akaridhika. Tukasali fungu moja la rozari. Maneno yote ya sala anayo, hakuna hata moja lililoanguka. Lester alichukua simu, akasema asante, akakata. Asante yenyewe kavu kama mkate wa jana.

Jumapili, 3 Desemba

Majilio. Nimeomba viza upya. Elaine amenijazia yale mambo yao kwenye kompyuta akiwa ofisini kwake Don Mills, saa ya chakula cha mchana, huku ananiuliza kwa simu jina la bibi yangu mzaa baba na huku anatafuna. Nikamwambia mambo ya mama yake mkubwa yanastahili zaidi ya saa ya sandwichi. Akaendelea kuuliza.

Ninachotaka ni kimoja tu. Nimwone dada kabla hajanisahau. Lester anasema juzi mama alimwuliza yeye mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, kama ni fundi wa bomba.

Ijumaa, 8 Desemba

Mvua. Theluji hakuna.

Alhamisi, 14 Desemba

Leo nimempa kiwanda cha wanga. Zamani Oswego palikuwa na kiwanda kikubwa cha wanga wa mahindi, kando ya mto, wanga ukasafirishwa dunia nzima.

"Wa kupigia pasi kola za baba," dada akasema hapo hapo.

"Ule wa baba ulikuwa wa muhogo."

"Nyangeta alikuwa anachemsha, wewe unauramba."

"Wewe ndiye uliyekuwa unauramba!"

Akacheka. Jamani, alicheka kile kicheko chake cha kukoroma. Nikamsikia Lester nyuma anauliza kwa Kiingereza kuna nini, mama anacheka nini. Sauti yake haikuwa kavu tena. Nilimtafsiria habari ya wanga, akasema hajawahi kujua kwamba babu yake alivaa kola ngumu. Nikamwambia, "Uliza basi. Mimi nipo."

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi kwa Elaine. Nilikaanga nevri, visambusa vyetu vitamu vya nazi, siku mbili nzima, wajukuu wakala tatu kwa jumla, wakarudi kwenye biskuti zao. Nawasemesha Kiswahili wananielewa vizuri sana, wananijibu Kiingereza, kisha wanaangalia pembeni. Wamenuna kwa kuwa hakuna theluji. Nje kuna joto, majani yanaota kama yamesahau mwezi.

Jioni nilijifungia bafuni kwa Elaine ili nimsikie dada. "Niko wapi, Dulcie?" Nikampa mji wote nikiwa nimekaa ukingoni mwa beseni: mto, ngome, mnara, wanga. Nilipotoka Elaine alikuwa amesimama koridoni na sahani mkononi. Akasema, "Kila siku unamwambia hayo hayo?" Nikasema, "Wewe nilikuimbia wimbo mmoja miaka minne." Akaenda zake jikoni.

Ijumaa, 5 Januari 2007

Joto bado. Mumtaz kaenda sokoni na kandambili, mwezi wa kwanza! Ubalozi kimya.

Jumapili, 14 Januari

Dada hakunitaka leo. "Unaniambia Oswego, Oswego. Hakuna mtu anaitwa hivyo."

Jumapili, 21 Januari

Baridi imeingia kwa ghafla, ile ya kukausha pua.

Na leo nimefanya jambo. Dada alikuwa analia kabla hata hajapokea simu. Analia kama mtoto, hana pumzi. "Wananificha. Wameniweka kwenye nyumba ya mtu. Nataka nyumbani, Dulcie, nataka nyumbani." Nikajaribu mto. Nikajaribu mnara. Akapiga yowe kwamba mimi pia niko na wao. Nasikia Lester anamwita mama, mama, na dada anamwambia usiniguse.

Nilichoka. Nikasema, "Basi, dada. Uko Musoma."

Akanyamaza.

"Uko Musoma, nyumbani. Hayo maji unayoyaona ni ya kwetu."

"Baba yuko wapi?"

"Yuko kazini, melini."

"Na wewe mbona hupo?"

"Mimi nipo Kinesi, kwa yaya Nyangeta. Ng'ambo tu hapo. Ukivuka maji umenifikia."

Akashusha pumzi ndefu. "Ungesema," akasema. "Ungesema tangu mwanzo." Alisali mafungu mawili, akataka kulala. Lester akanipigia baadaye kunishukuru, anasema ni mara ya kwanza mama kalala bila kupigana naye. Alikuwa anaongea kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumanne, 23 Januari

Musoma tena. Kalala vizuri.

Jumamosi, 27 Januari

Nimemwambia Mumtaz. Akaweka kikombe chini. "Unamdanganya mgonjwa?"

"Namtuliza."

"Unamdanganya, Dulcie. Siku akijua je?"

"Atajuaje? Wewe mambo yako ni ya jamatkhana, huko mnakosali, mambo ya dada yangu niachie mimi."

Kaondoka na biskuti zake. Aende. Dada yangu anacheka kila jioni, anauliza Nyangeta kapika nini, namwambia ugali na sato. Na mimi, nikisema kweli, nafurahi kuliko yeye. Kwa dakika chache kila jioni nipo Kinesi, sipo ghorofa ya kumi na saba na radi ya lifti.

Jumapili, 4 Februari

Upepo mkali kutoka magharibi. Baada ya misa nilipanda basi mpaka ziwani, nikasimama mchangani peke yangu. Sasa nimeelewa ile sura ya kitabu niliyokuwa naipita. Desemba ilikuwa ya joto, kwa hiyo ziwa halikuganda. Sasa upepo wa baridi unapita juu ya maji yenye uvuguvugu, unayachukua, unayabeba urefu wote wa ziwa, na mzigo wote unashushwa kama theluji mwisho wa safari, ambako ndiko kwa dada. Huku kwetu jua kali, mawingu yamejipanga upande wa mashariki tu.

Niliyaangalia yakienda. Mtu anaweza kuona wivu hata kwa mawingu.

Jumanne, 6 Februari

Lester anasema theluji imefika madirishani. Shule zimefungwa, watu wako juu ya mapaa na makoleo. Dada kauliza pamba hii yote nani kaimwaga. Nikamwambia wamevuna vizuri mwaka huu.

Alhamisi, 8 Februari

Nitaandika, maana hata nikijilaza sitalala.

Lester alipanda juu ya paa asubuhi kukokota theluji kabla halijaelemewa. Mama alikuwa amekaa dirishani na chai. Alipoteremka kiti kitupu, mlango wazi, theluji imeshaingia hadi kwenye zulia. Kavaa gauni lake la kanisani na mabuti ya Lester. Kachukua mkoba. Nje huoni mkono wako mwenyewe. Lester alikimbia barabarani anaita, majirani wakatoka, dereva wa gari la kusukuma theluji akasimamisha gari na yeye akashuka kutafuta.

Walimkuta ukingoni mwa mto, karibu na gati, amesimama wima amekumbatia mkoba. Buti moja limebaki njiani. Hakuwa anatangatanga. Alikuwa kwenye foleni. Peke yake, katika ile tufani, dada yangu amepanga foleni. Lester alipomshika akasema maneno ambayo Lester hakuyaelewa, lakini ameyashika kwa masikio, akanirudishia kwenye simu silabi kwa silabi:

"Boti imechelewa. Dulcie ananingoja."

Alikuwa anakuja kwangu. Nilimwambia ukivuka maji umenifikia, akafanya nilivyomwambia.

Yuko hospitali. Vidole vitatu vya mguu huenda wakavikata. Lester akauliza, "Ulikuwa unamwambia nini, Aunt Dulcie? Kila jioni, ulikuwa unamwambia nini?" Nikamwambia yote. Sikuficha. Nikawa nasikia mashine za hospitali nyuma yake. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Akasema, "Usipige tena kwa sasa. Tafadhali." Akakata taratibu.

Nimeketi chini sakafuni jikoni. Mumtaz aliingia bila kubisha, akanikuta hivyo, akaketi chini na yeye, na goti lake bovu. Hakusema "nilikwambia". Mumtaz, ambaye husemea kila kitu, hakusema hata neno. Alinishika mkono tu mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 10 Februari

Sijapiga.

Jumatatu, 12 Februari

Sijapiga. Saa ya simu ikifika naingia chumbani nafunga mlango ili nisiione simu.

Jumamosi, 17 Februari

Elaine kaja bila taarifa. Nilijiandaa kugombana. Nikamwambia usinihubirie, najua nilichofanya. Akavua koti, akaanza kuosha vyombo, mgongo kanigeuzia, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha kuchechemea, "Mama, mimi napiga ubalozi kila Jumatatu. Tangu Desemba. Kila Jumatatu naomba siku ya mahojiano."

Nikasema, "Mbona hukuniambia?"

"Ungesusa."

Nilicheka, kisha nikalia, naye akalia, maji ya bomba yanamwagika bure. Kumbe ile saa ya sandwichi ndiyo saa pekee aliyokuwa nayo, na alinipa mimi. Nimemdharau mtoto wangu miezi mitatu mizima.

Jumatano, 21 Februari

Jumatano ya Majivu. Sijapiga.

Jumapili, 25 Februari

Simu imelia saa ile ile ya jioni. Nikapokea, na sauti ya mwanamume ikasema, polepole, kila silabi na mguu wake:

"Shi-ka-moo."

Sikumtambua. Nilidhani ni padri mpya.

"Shikamoo, mama mdogo. Ni Lester." Akarudi kwenye Kiingereza, maneno yakamtoka kwa haraka. Katafuta mwenyewe kwenye kompyuta, anataka kujua kama kapatia. Mama karudi nyumbani bila vidole viwili. Hali chakula. Kila jioni anajikokota mpaka kwenye simu, anaketi mbele yake, anaweka mikono mapajani, anangoja mpaka giza. Halii. Anangoja tu. "Siwezi kuendelea kumwangalia," akasema. "Mpigie. Ila mwambie kweli. Hata akilia, mwambie kweli. Nikilia mimi pia, we endelea tu."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. Sikuwahi kumwita hivyo.

Dada akashika simu. "Umechelewa."

"Nisamehe, dada."

"Niko wapi?"

"Uko Oswego," nikasema. "Si Musoma. Musoma ni mbali sana, na boti haiendi. Uko kwenye nyumba yako, na huyo aliye karibu yako ni mwanao, anaitwa Lester."

Alilia. Nilikaa naye mpaka akanyamaza. Kisha akauliza, "Huko Oswego kuna nini?"

Nikaanza upya, kwenye mto.

Jumapili, 4 Machi

Leo nilimpa hadithi niliyokuwa naiogopa. Wakati wa vita kuu ya pili, meli ilileta Marekani karibu watu elfu moja waliokimbia mauaji ya Ulaya, wengi wao Wayahudi, wakawekwa Oswego, ndani ya ile ngome, nyuma ya uzio. Walishuka kwenye treni hawajui ni wapi. Watu wa mji wakaja uzioni kuwaangalia, wakaanza kuwapitishia vitu kwa juu. Viatu, vyakula, mpaka baiskeli.

"Baiskeli juu ya ua?"

"Ndivyo wanavyosema."

Akafikiri. "Walirudi kwao?"

"Waliahidi kurudi vita ikiisha. Ikaisha. Wengi wakaruhusiwa kubaki."

"Kwao hakukuwa na mtu tena," dada akasema. Hakuuliza. Alijua. Kisha akasema anataka mkate na siagi, na Lester akampa, akala wote.

Alhamisi, 15 Machi

Mvua, tope. Dada anakula. Lester sasa anakaa kwenye simu ya pili, anasikiliza. Jana aliuliza "mdomo" ni nini, kwa kuwa nimetaja mdomo wa mto. Nilimwambia apapase uso wake chini ya pua.

Jumapili, 1 Aprili

Matawi. Nimeletewa barua ya mahojiano, ni Alhamisi ya wiki ya pili baada ya Pasaka. Nimemwambia Mumtaz kabla ya Elaine. Kapiga kelele korido nzima.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimepata viza! Yule kijana wa dirishani kule ubalozini aliuliza naenda Marekani kufanya nini. Nikamwambia dada yangu mgonjwa. Mji gani? Oswego. Akauliza, kama mzaha, kuna nini huko. Nikamweleza. Nilianzia kwenye mto, nikafika kwenye wanga, Elaine akanivuta mkono wa koti.

Jumamosi, 28 Aprili, Oswego

Naandika nikiwa jikoni kwa dada.

Elaine ndiye aliyeendesha. Tulifuata ziwa upande wa mashariki mpaka linapokwisha na kuwa mto mwingine, tukavuka daraja refu lenye visiwa chini yake, tukarudi kusini upande wa pili. Tulipouingia mji nilikuwa nataja kila kitu kabla hakijatokea. Sasa utaona mabomba mawili. Hayo. Sasa ngome itakuwa kulia, sasa daraja. Elaine akauliza, "Una hakika hujawahi kufika?"

Lester alitungoja mlangoni. Mrefu, kipara, macho ya baba yangu kabisa. "Shikamoo, mama mdogo," akasema, na safari hii haikuchechemea. Nikamkumbatia hapo hapo kwenye ngazi.

Dada yupo dirishani, kwenye kiti chake. Kapungua. Nywele nyeupe zote, soksi nene, fimbo. Nikapiga magoti mbele yake. Nikasema, "Dada, nimekuja."

Akanitazama vizuri, kwa adabu zote. "Karibu, mama. Kaa usipigwe na baridi. Umetoka wapi?"

Nilijua inaweza kuwa hivyo. Lester alinionya kwenye simu. Lakini kujua ni kitu kimoja.

"Toronto," nikasema.

Uso ukamchanua. "Ng'ambo! Mdogo wangu yuko huko. Dulcie. Mfupi, mdomo kama cherehani. Umemwona?"

"Namwona."

"Mwambie aje. Mimi siendi tena, boti hakuna." Kisha akanihurumia, nadhani aliona nimechoka, akanigeuzia kiti kiangalie nje, akaanza kunikaribisha mjini kwake. Hapa panaitwa Oswego, maji yanamwagika hapa. Mto ule ni kama Mara, ila una madaraja. Ile ni ngome, waliwekwa watu wasio na kwao, wakapitishiwa baiskeli juu ya ua. Hapa walikuwa wanatengeneza wanga wa kola za baba. Kila neno nililomwambia, kwa mpango ule ule, hata mahali pa kuvuta pumzi. Mji aliokaa zaidi ya miaka arobaini umemtoka wote, na huu wa kwangu ndio ameushika.

"Na ule ni mnara," akasema, akinyoosha fimbo. "Paa la kijani."

Niliangalia. Mnara upo kweli majini, mweupe, jua la jioni limeupiga. Paa lake ni jekundu, jekundu kabisa.

"Zuri," nikasema.

Elaine alikuwa amejiegemeza ukutani, analia bila sauti. Dada akaniinulia kidole. "Sasa nyamaza kidogo, mama, samahani. Saa hizi mdogo wangu anapiga simu." Akajikokota mpaka kwenye kimeza, akaketi mbele ya simu, mikono mapajani, mgongo wima. Akangoja. Nami nimekaa hatua chache nyuma yake, nimevaa koti, na ameshanisahau.

Lester akanitazama. Akatoa simu yake ya mfukoni, akaniwekea kiganjani. Niliingia jikoni, nikaegemea jokofu, nikapiga.

Niliisikia ikilia mara mbili, sebuleni na sikioni.

"Dulcie!" Furaha ile, jamani. Nimesafiri siku nzima kuifuata, na ilikuwa ya simu. "Niko wapi leo?"

"Uko Oswego, dada. Uko nyumbani kwako."

"Najua," akasema. Kisha akashusha sauti, asisikike na watu wa ndani. "Sikiliza, nina mgeni. Kamama kafupi, kametoka huko kwenu. Kamenitazama tu, macho yamejaa machozi, hakasemi shida yake. Nikafanyie nini?"

Nilifunga macho.

"Mpe chai, dada," nikamwambia. "Ametoka mbali."